Mgeni Hodari

Siku Nyuzinane aliporudi, Fundi alikuwa ameshika meno ya mtu mkononi na hakuwa na mkono mwingine wa kushikia moyo wake.

Ulikuwa mchana wa joto zito. Karakana yake ndogo ya meno ya bandia ilinuka nta iliyoyeyuka na plasta mbichi, na feni ya ukutani ilizunguka kwa uvivu kana kwamba nayo inadai likizo. Kwenye kiti cha wateja alikaa Bibi mmoja, mtangazaji wa redio wa zamani, aliyekuja kujaribu meno yake mapya ya juu. Bibi huyo alikuwa na maneno mengi hata bila meno. Akiwa nayo, hakuna aliyepumua.

"Ssssitini na sssita," alisema Bibi, kisha akayatoa meno na kuyatazama kwa chuki. "Umesikia? Nimekuwa birika. Mtu mzima nimesoma taarifa ya habari miaka yote ile, leo nipige mluzi kama birika la chai!"

"Yamenyanyuka kidogo hapa mbele, Bibi. Nipe, niyashushe."

Fundi aliyapokea, akawasha taa yake ya spiriti, akaanza kulainisha nta kwa ncha ya kisu. Alifanya hivyo taratibu. Siku hizi kila kitu alikifanya taratibu, si kwa umakini bali kwa uchovu. Uchovu wenyewe haukuwa wa kulala ukaisha. Ulikuwa umehamia ndani ya mifupa na kupanga vitu vyake humo.

"Hodi."

Kisu kikasimama. Sauti ile angeitambua hata angekuwa amezibwa masikio kwa plasta. Hakugeuka. Alihesabu pumzi zake kwanza, akapiga moyo konde, ndipo akasema kwa sauti ya kumkaribisha mteja yeyote, "Karibu."

Nyuzinane alikuwa amesimama mlangoni, mwembamba kuliko alivyoondoka, shati limekunjamana kama la mtu aliyelala amekaa. Mkononi alishika lile sanduku jeusi lenye umbo la peari, limejaa karatasi za viwanja vya ndege zilizobanduliwa nusu nusu. Macho yake ndiyo yaliyomuumiza Fundi. Zamani yalikuwa macho ya mtu anayesikia kichekesho ambacho wenzake hawajakisikia. Sasa yalikuwa yamezama, na hayakuwa yanacheka na mtu.

"Umepungua," Fundi akasema. Ndilo neno la kwanza lililomtoka baada ya karibu miaka minne.

"Na wewe."

"Kaa hapo. Nina mteja."

Watu walimwita Nyuzinane kwa sababu ya mandolini yake, chombo cha nyuzi nane zinazokwenda mbili mbili kama watu walioshikana mikono. Jina lake la nyumbani lilikuwa limesahauliwa na wote isipokuwa dada yake. Yeye na Fundi walikuwa wamependana tangu siku alipokuja karakanani hapo amevunjika jino la mbele, siku mbili kabla ya kupiga kwenye harusi ya watu, akamwomba amfichie aibu. Fundi akamficha. Na kuficha aibu ya mtu ni kazi inayoleta watu karibu.

Kisha akaondoka. Alisema anakwenda mwaka mmoja tu, Italia, kujifunza jinsi wenye chombo wenyewe wanavyokitetemesha mpaka uzi mmoja ulie kama mtu. Mwaka ukaisha. Akapata kikundi cha Wabrazili, akavuka bahari, akajifunza zile nyimbo zao zinazokwenda mbio huku zinacheka huku zinalia. Kutoka huko akaenda Ireland, kwenye vilabu vidogo ambako wazee wanapiga bila kutazamana na wimbo hauna mwisho mpaka mtu mmoja achoke. Kisha India ya kusini, kwa mwalimu aliyemkalisha chini miezi kadhaa ajifunze kutelezesha noti moja tu. Kila alikokwenda alirekodi alichojifunza, akamtumia Fundi kwenye simu. Na Fundi alisikiliza, sikio moja kwenye simu, sikio jingine kwa wateja, huku akipanga meno ya watu kwenye nta: magego, chonge, ya mbele.

Nyimbo zilikuja. Mwenyewe hakuja.

"Hicho ni nini, kijana?" Bibi alikuwa amegeuka kitini akimtolea macho mgeni. "Gitaa lililozaliwa kabla ya siku zake?"

Nyuzinane akatabasamu kidogo. "Shikamoo, Bibi. Ni mandolini."

"Marahaba. Basi lipige, tusikie. Huyu fundi wako ana mkono mwepesi lakini ananiweka sana."

"Bibi, huyu amechoka na safari," Fundi akasema bila kugeuka.

"Mimi pia nimechoka, na sina meno. Piga, mwanangu."

Akapiga. Alianza na ule wa Italia, mkono wa kulia ukitetemeka kwa wepesi mpaka sauti ikawa moja, ndefu, kama uzi wa asali unaodondoka kutoka kijikoni. Bibi akanyamaza, jambo ambalo Fundi hakuwahi kulishuhudia. Kisha bila kusimama akauvunja ule wimbo, akaingia Brazili, vidole vikikimbizana. Mguu wa Bibi ukaanza kugonga sakafu. Halafu zile dansi za Ireland, zinazunguka na kuzunguka. Mwisho akapunguza, akafika kwenye ule wa India, noti moja inavutwa, inapinda, inakataa kufika inakokwenda.

Fundi alimpa mgongo muda wote. Hakuhitaji kutazama. Kila wimbo aliujua ulikuja siku gani na ulimkuta wapi. Huu wa mwisho ulimkuta mahali ambapo hakutaka kupakumbuka, kwenye kitanda cha chuma, mrija mkononi, mama yake akisinzia kwenye kiti pembeni. Akaizima taa ya spiriti asije akajiunguza.

"Wewe si mtu mmoja," Bibi alisema wimbo ulipokwisha, akijifuta macho kwa ncha ya khanga yake. "Wewe ni mtaa mzima." Kisha akamgeukia Fundi. "Huyu ni mumeo?"

"Hapana, Bibi."

"Basi ni nani wako?"

Fundi akampa meno yake. "Ni mtu anayepita. Hebu jaribu sasa."

Bibi aliyavaa. "Sitini na sita," akasema, na safari hii neno lilitoka safi. Lakini hakufurahi kama alivyotarajiwa. Alimtazama mmoja, akamtazama mwenzake, akachukua mkoba wake na kuondoka bila kuongeza neno, na hiyo ilikuwa adabu kubwa kwa mtu wa aina yake.

Walipobaki wawili, Nyuzinane alirudisha chombo sandukuni polepole.

"Mtu anayepita," akasema.

"Ulitaka nimwambie nini? Nimwambie ni mchumba wangu anayenitumia nyimbo?"

"Safari hii nimerudi kabisa."

"Kabisa zako nazijua. Zina tarehe."

"Fundi wangu, nisikilize. Nimechoka." Aliketi kwenye kiti alichoacha Bibi, akaegemeza kichwa nyuma kama anayesubiri kung'olewa jino. "Kila nilikokwenda nilipokewa vizuri. Walinipa mahali pa kulala, wakanifundisha, wakanipigia makofi. Na kila walipotaka kunisifu walisema kitu kilekile: tazama, mgeni huyu anaweza! Miaka yote hii mimi ni mgeni hodari. Hodari, lakini mgeni. Siku ya mwisho nilikuwa jukwaani, nikasahau niko nchi gani. Si utani. Niliangalia watu, nikasahau niwasalimu kwa lugha ipi. Ndipo nikasema, narudi kwa mtu anayenijua."

Fundi alikuwa anakwangua nta mezani, ingawa meza ilikuwa safi.

"Kwa hiyo umechoka nayo, ndiyo maana umenikumbuka mimi."

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyohivyo. Ungekuwa hujachoka ungekuwa wapi leo?"

Nje mtu alipita anavuta mkokoteni wenye gurudumu linalolia.

"Kuna safari nyingine?" Fundi akauliza.

"Kuna watu wamenialika. Kundi kubwa, kila mmoja katoka kwao na chombo chake. Ni mwaka mzima wa kuzunguka."

"Umewakatalia?"

Nyuzinane akaitazama feni. "Nimewaambia nitawajibu."

Fundi akacheka, kicheko kikavu kisichofika machoni. Akavua aproni yake, akaitundika. "Na mimi kuna mtu nimemwambia nitamjibu. Anakuja nyumbani leo jioni kuchukua jibu lake."

Nyuzinane akanyanyua kichwa. "Nani?"

"Mwenye duka la vioo, pale mtaa wa nyuma. Alifiwa na mkewe mwaka juzi. Ana watoto watatu, mpole, hanywi, halali nje. Alikuja kwa mama kwa heshima, akasema shida yake, akaondoka. Hakuna siku ametuma wimbo. Akisema saa kumi, saa kumi yuko mlangoni."

"Unampenda?"

"Namheshimu."

"Nimekuuliza unampenda?"

"Na mimi nimekujibu!" Sauti ilimpanda, ikamshuka. "Nilikuwa nimeshaamua. Asubuhi hii nimeamka nimeamua, nikajisikia mwepesi, nikaja kazini kama watu. Kwa nini hukuchelewa siku moja, wewe ambaye huwa unachelewa miaka?"

Fundi alikuwa analia bila machozi, mabega tu yanakwenda. Nyuzinane alisimama, akanyoosha mkono, lakini Fundi akarudi nyuma hatua moja, na mkono ukabaki hewani kama wa mtu anayesimamisha gari lililokwisha pita.

"Basi nipeleke kwa mama," Nyuzinane akasema. "Kama ni kukataliwa, nikataliwe mbele ya mzazi, si huku kati ya mataya ya watu."

*

Mama yake Fundi alikuwa mwanamke mrefu mwenye mgongo ulionyooka kama fremu ya mlango. Alikuwa ameolewa zamani na mpiga tarumbeta, akazaa naye binti huyu mmoja, na mume akaenda kupiga mji wa pili, wa tatu, mpaka barua zikakoma. Tangu hapo mama hakuwa na redio sebuleni. Alipoona sanduku jeusi linaingia kabla ya mwenyewe kuingia, uso wake ulijifunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja au umepita?"

"Nimekuja, mama."

"Kaa. Hilo likae nje ya zulia."

Akaliweka ukutani. Mama aliagiza chai kwa macho, na Fundi akaenda jikoni. Mlango wa jikoni ulikuwa pazia tu, kwa hiyo kila neno lilimfikia.

"Mimi sitakuzungusha," mama alisema. "Wewe si mtu mbaya. Ungekuwa mbaya kazi yangu ingekuwa rahisi. Lakini mimi niliolewa na tarumbeta, kijana wangu. Najua namna mtu anavyokaa kwenye kiti na roho yake iko kituo cha basi. Sitaki mwanangu aolewe na mandolini."

"Mama, nimerudi nikae."

"Wangapi wamekaa? Leo jioni anakuja mtu hapa. Si kijana, hana sura ya kugombewa, na mzaha wake hauchekeshi. Lakini anajua hali ya mwanangu yote, na amekubali. Wewe unaijua?"

"Hali gani?"

Fundi akaacha kikombe. "Mama," aliita kutoka jikoni. "Mama, tafadhali."

"Hapana, leo atajua. Mwaka jana, huyu alipolazwa, ulikuwa wapi?"

Sauti ya Nyuzinane ikatoka, ndogo, "Alilazwa?"

Fundi alikwishatoka, amesimama penye pazia, mikono inachuruzika maji. Alitaka kumziba mama mdomo na wakati huohuo alitaka maneno yale yatoke, mradi si yeye atakayeyasema. Alikuwa ameyabeba peke yake muda mrefu mno.

"Alipasuliwa," mama akasema. Sasa sauti yake haikuwa kali, ilikuwa imechoka tu. "Damu ilimsumbua mpaka akawa anaanguka kazini. Wakamtoa kizazi. Huyu hatazaa tena, kijana. Wewe uliyekuwa unakaa kwenye kiti hichohicho ukisema mtoto wako wa kwanza utamfundisha nyuzi kabla ya kutembea. Basi hayo ndiyo yaliyopo. Mwenzio ameyasikia akasema sawa. Na wewe sema."

Nyuzinane alimtazama Fundi. Fundi hakuweza kuyakwepa macho yale na hakuweza kuyapokea. Aliona namna habari ilivyoingia, ikashuka, ikatua. Alisubiri aseme neno la filamu, lile la "mimi sijali," na alijua akilisema atamchukia.

Hakulisema. Alisimama, akafungua mlango wa nyuma, akatoka uani.

"Umeona?" mama akasema kwa upole.

*

Uani palikuwa na kamba ya nguo, ndoo mbili, na ngazi ya saruji iliyokatika pembe. Nyuzinane alikuwa amekaa kwenye ngazi hiyo, viwiko magotini. Fundi alibaki amesimama mlangoni akifuta mikono iliyokwisha kauka.

"Kwa nini hukuniambia?" Nyuzinane akauliza bila kugeuka.

"Ulikuwa kwa mwalimu wako. Ulisema ndiyo kwanza amekukubali."

"Ningerudi."

"Ungerudi?"

Akaitazama kamba ya nguo.

"Niangalie halafu uniambie," Fundi akasema. "Maana hilo ndilo swali nililolala nalo kule hospitali. Ulinitumia ule wimbo siku ya pili baada ya upasuaji. Ukaandika, sikiliza nilivyoivuta noti, hatimaye imekubali. Na mimi nikaandika, nzuri sana. Nilikuwa na simu mkononi, nilikuwa na maneno, nikaandika nzuri sana. Niliogopa. Niliogopa nikikwambia na usirudi nitajua. Na niliogopa nikikwambia ukarudi, utanitazama maisha yako yote kama noti uliyoiacha njiani. Sasa nijibu. Ungerudi?"

Sauti za watoto wa jirani zilivuka ukuta, mtu aliitwa aoge, akakataa. Nyuzinane aligeuka akamtazama, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Sijui," akasema.

Fundi hakutikisika.

"Nataka kukwambia ndiyo. Ndiyo iko hapa mdomoni. Lakini sijui. Mwalimu yule nilimtafuta miaka. Pengine ningesema subiri wiki moja. Pengine wiki ingekuwa mwezi. Ninavyojijua, sijui." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Na hili la mtoto. Usiniambie niseme haliumi. Linauma. Limeniingia sasa hivi, na wewe umekaa nalo mwaka. Mwenzangu ameambiwa akasema sawa siku hiyohiyo, mimi siwezi. Nipe nafasi liniume kwanza. Lakini liniume nikiwa hapa, si kule. Hilo tu ndilo ninalolijua."

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Fundi. Tangu hospitali watu walikuwa wamemfariji kwa haraka: ni mipango ya Mungu, shukuru uko hai, watoto wa wenzio ni wako pia. Bwana Vioo mwenyewe alisema, mimi ninao watatu, wanatosha, kama mtu anayehesabu viti. Hakuna hata mmoja aliyesema linauma. Alikaa kwenye ngazi, mbali naye kidogo, akalia kilio chenye sauti, kile alichokuwa amekiwekea kizuizi mwaka mzima. Nyuzinane hakumgusa mpaka alipoegemea mwenyewe. Kisha akamshika kichwa kwa mkono wake ule wenye vidole vigumu kama kwato kwa sababu ya nyuzi, na yeye pia akalia, kila mmoja kwa lake na wote kwa moja.

Mama alikuwa dirishani. Hakujificha.

"Wangu angesema ndiyo," akasema.

Wakageuka wote wawili.

"Ningemuuliza swali hilo, baba yako angesema ndiyo kabla sijamaliza. Alikuwa na ndiyo nyingi, mtu yule. Nilizila mpaka nikashiba." Alivuta pumzi ndefu. "Sijasema nimekupenda, kijana. Nimesema tu sijawahi kumsikia mwanamume wa ngoma akisema sijui. Ingieni ndani, majirani wana masikio."

*

Saa kumi Bwana Vioo alikuwa mlangoni, shati jeupe limepigwa pasi, kipande cha plasta kidoleni alikojikata kazini. Fundi alimfuata nje kabla hajaingia. Walisimama kando ya geti, kivulini.

"Umelia," akasema.

"Ndiyo. Nisamehe, sitakukaribisha ndani. Jibu langu ni hapana."

Bwana Vioo aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepima kipande kabla ya kukikata. "Nimemwona mtu na sanduku leo mtaani. Ndiye?"

"Ndiye."

"Amekuahidi nini?"

"Hajaniahidi kitu."

"Mimi nimekuahidi kila kitu."

"Najua. Na ungetimiza, najua hilo pia." Fundi alitafuta maneno ambayo hayatamkata. "Nilikuwa nakuja kwako kupumzika, Bwana. Si kukupenda, kupumzika. Wewe ulishazika mke aliyekupenda. Usiingize ndani mtu aliyechoka tu."

Mzee yule wa vioo alitazama viatu vyake. Alipoinua uso kulikuwa na maumivu, na hakuyaficha, na kwa mara ya kwanza Fundi alimwona kuwa mzuri. "Ungeniambia mapema ningeacha kupiga pasi," akasema. Ulikuwa mzaha. Na ulichekesha. Wakacheka kidogo wote wawili, wakaagana kwa mkono, naye akaondoka na mwendo wake uleule wa kutokuwa na haraka.

Sebuleni, Nyuzinane alisimama mara Fundi alipoingia. Mama alijifanya ana kazi jikoni, akagongagonga sufuria tupu.

"Nimemwambia hapana," Fundi akasema.

"Na mimi?"

"Wewe sijakwambia chochote." Aliketi kwenye mkono wa kochi, akavua viatu, akaviacha palepale vilipoangukia. "Sikiliza. Mimi nimechoka, wewe umechoka. Hata mama amechoka, sema hasemi. Sitaki uwakatalie wale watu leo, halafu ukiamka siku moja na nguvu zako uniangalie kama mlango uliofungwa. Na sitaki nikukubali leo kwa sababu nimelia begani kwako. Nenda kwa dada yako. Lala. Lala mpaka usikie njaa. Na mimi nitafunga karakana wiki hii, nilale."

"Halafu?"

"Halafu uje tuongee. Hilo la mtoto tuliongee. La safari tuliongee."

Nyuzinane alimtazama, na kwa mbali, kama taa inayowashwa chumba cha ndani, kile kicheko cha zamani kikapita machoni mwake.

"Na kama nikiamka nakutaka wewe, na safari pia naitaka?"

Fundi alifikiri. Alikuwa mchovu kiasi kwamba hata kutabasamu kulihitaji kukusanya nguvu, lakini alizikusanya.

"Basi tutagombana," akasema. "Lakini tutagombana kama watu waliopumzika."

Akaenda kumfungulia mlango. Safari hii, mkono wa Fundi ulipomgusa Nyuzinane bega akitoka, hakuurudisha haraka.